Usimwambie ashukuru kabla hujamlipa



Leo tuna jambo linalotuhusu sisi wenyewe kwanza, nyinyi baadaye. Sisi ni dada wawili wa tumbo moja. Tuna kiduka cha ushoni nyuma ya majumba ya Michenzani, cherehani tatu na ovaloki moja, na tuna msichana mmoja anayejifunza kazi kwetu. Tunashona magauni ya maharusi, madira, mabaibui, na sare za shughuli mnapoamua wote ishirini mvae rangi moja. Biashara si kubwa lakini inatulisha. Mtu akituuliza vipi kazi, tunajibu kama mnavyojibu nyote: alhamdulillah.

Hiyo alhamdulillah ndiyo tunayotaka kuizungumza.

Ramadhani iliyopita tulipokea oda kuliko uwezo wetu. Kila mwaka tunaapa hatutorudia, na kila mwaka tunarudia, kwa sababu mteja akishakuja na kitambaa chake mkononi na uso wa huruma, ulimi unakuwa mzito kusema hapana. Kumi la mwisho watu wako misikitini, sisi tunatia zipu. Usiku mmoja, saa nane imeshapita, msichana wetu aliinua kichwa kutoka kwenye ovaloki akauliza, kwa adabu kabisa, "Dada, Idi hii na mimi nitapata chochote?"

Tulimjibu haraka, mikono ikiwa kwenye kitambaa. "Shukuru, mdogo wetu. Wenzio wanalipa ada kusomea ushoni, wewe unajifunza bure na nauli tunakupa."

Akasema, "Alhamdulillah," akainama tena.

Tuliijua ile sauti. Ni yetu. Ndivyo tunavyosema sisi pale mama wa biharusi anapochukua gauni siku moja kabla ya harusi, akatuambia pesa iliyobaki atatuletea shughuli ikisha, na tumuombee mtoto dua. Ni alhamdulillah ya kufunga mdomo, haina furaha hata tone. Lakini usiku ule hatukusema kitu. Tulimaliza nguo, tukala daku, tukamuacha yule mtoto alale nusu saa juu ya mabaki ya vitambaa.

Baada ya Idi shemeji yetu alioa Tabora. Nguo za biharusi tulishona sisi, kwa hiyo tulizifunga vizuri tukaondoka nazo: boti mpaka Dar es Salaam, kisha treni ya Reli ya Kati. Dodoma, Manyoni, Itigi, halafu misitu tu, misitu mpaka unachoka kuitazama. Kila kituo tulishuka na kupanda na macho yetu kwenye lile furushi la nguo. Kulibeba kutoka stesheni mpaka kwenye gari mabega yalituuma, na ilikuwa hatua mia mbili tu.

Tabora tulipapenda. Miembe mikubwa yenye vivuli, asali ya misitu ya miombo ambayo ukishaionja hii ya dukani unaiona maji ya sukari, na watu wapole wa maneno. Mwenyeji wetu ni mwalimu mstaafu. Alipotuona tunaangaika na furushi akacheka, akasema, "Huo ni mtumba."

Tukamwambia hapana mwalimu, hizi nguo mpya, tumeshona wenyewe.

Akacheka tena. Ndipo akatueleza kwamba zamani mtumba ulikuwa ni mzigo wa nguo, robota refu lililofungwa kwa ajili ya bega la mpagazi, kutoka pwani kuja bara. Nguo mpya kabisa. Frasila 2 hivi, kiasi cha kilo 32. Kilo thelathini na mbili begani au kichwani, kwa miguu, kutoka Bagamoyo mpaka Tabora! Wazungu wawili, Burton na Speke, walifika hapa tarehe 7 Novemba 1857 na safari iliwachukua zaidi ya miezi minne. Mizigo yao hawakuibeba wao.

Sisi mafundi tulisahau hata kula, maana kila neno alilolitaja tunalitumia dukani. Merikani, ile pamba nyeupe isiyotiwa rangi, iliitwa hivyo kwa sababu ilitoka Marekani, na ndiyo ilikuwa fedha ya njia nzima. Shuka moja mikono minne, doti moja mikono minane. Nyinyi mnaponunua doti ya kanga Darajani mnatamka kipimo ambacho Wanyamwezi walilipwa mshahara.

Kesho yake alitupeleka Kwihara, nje ya mji, kwenye tembe aliyokaa Livingstone. Ni nyumba ya paa bapa, yenye rangi nyekundu iliyokoza. Mskoti huyo maarufu alikaa pale tangu Februari hadi Agosti 1872, na alichokuwa anakisubiri ni watu wa kumbebea mizigo. Alikuwa na jina, alikuwa na barua, alikuwa na dawa zake. Bila ya mabega ya watu hakwenda popote.

Mwalimu akatwambia, kwa fahari ya Mnyamwezi, kwamba wapagazi walikuwa watu wa kazi yao. Kijana alijivunia kwenda pwani na kurudi, ndiyo ilikuwa dalili kwamba amekuwa mwanamume. Wake zao wengine walifuatana nao, wakibeba vyungu na mikeka na chakula, wakifika kambini wanawasha moto. (Hili hatukulisoma skuli. Skuli tulisoma Livingstone tu.) Walikwenda wakiimba. Lakini kabla ya kuunyanyua mzigo waliujua uzito wake, waliujua ujira, na posho ya kila siku ilikuwa haki. Ukiwaongezea mzigo au ukiwanyima posho waligoma. Wasiposikilizwa, asubuhi msafara unaamka mizigo iko chini na wenyewe hawapo.

Tulifurahi kusikia haya. Tulianza hata kujilinganisha nao, sisi wachapakazi. Kisha mwalimu akanyamaza kidogo, akasema njia ilikuwa ni hiyohiyo.

Alikuwa na maana ya watumwa. Njia hiyohiyo, kivuli hichohicho cha miembe, pembe ya ndovu yenye uzito uleule, na shingo nyengine ina kongwa. Hao hawakuulizwa uzito. Wengi waliofika pwani walivushwa kuja kwetu, wakauzwa Mkunazini mpaka soko lilipofungwa mwaka 1873. Baba yake Tippu Tip, ambaye nyumba yake tunaipita kila tukienda Shangani, alikuwa na makazi yake hapa Tabora. Hatuwezi kujifanya kwamba hiyo ni habari ya watu wengine. Walikuwamo Waislamu, walikuwamo watu wa visiwa vyetu.

Na tuseme jengine, ingawa nyumbani hatulisemi. Bibi yetu mzaa mama alikuwa akisema kwamba bibi yake alitoka bara, Unyamwezi. Ukimuuliza alikujaje, anakwambia mtoto kanitilie chai. Wanyamwezi wengi walikuja Unguja kwa hiari yao, kutafuta kazi. Wengine hawakuja kwa hiari. Sisi hatujui tumetoka kwa nani kati ya hao, na tulipokuwa tumesimama Kwihara kwenye jua, lile swali lilitukaa kooni.

Tulilolifikiria ni hili. Watu wawili wanakwenda njia moja, mzigo mmoja. Mmoja anaimba. Pengine na wa pili aliimba, maana binadamu huimba hata kwenye dhiki, lakini ni nani angethubutu kumwambia shukuru, angalau unapata mazoezi ya miguu, angalau unaiona dunia? Tukakumbuka ovaloki. Tukakumbuka "wewe unajifunza bure". Hatusemi msichana wetu alikuwa mtumwa, Mungu atuepushe na kulichezea neno hilo. Tunasema tulikuwa tumemchukulia kazi yake, kisha tukamdai na shukrani juu yake.

Siku hizi, dada zetu, kila unapofungua simu unaambiwa furaha ni uamuzi. Andika mambo matatu ya kushukuru kabla ya kulala, tabasamu, riziki itafunguka. Hatupingi. Kushukuru ni ibada, na asubuhi tukifungua duka, chai ya tangawizi iko pembeni, mkasi unakata hariri bila kukwama, tunashukuru kwa moyo safi na hatuhitaji mtu atukumbushe. Hata uchovu una utamu wake pale biharusi anapojigeuza mbele ya kioo na mama yake anatokwa na machozi. Hiyo furaha ni ya kweli. Ila tunaona mara nyingi anayehimiza shukrani ndiye anayedaiwa. Tajiri anamwambia mfanyakazi ashukuru. Mteja anamwambia fundi. Na nyinyi maharusi, wengine mtaambiwa na mawifi: shukuru umeolewa, wangapi wanatafuta. Matunzo yako ni haki yako aliyoiweka Mwenyezi Mungu juu ya mume, si hisani. Mshukuru mume kwa wema wake, naam, na mkae kwa mapenzi. Lakini haki usiiite zawadi.

Tuliporudi Unguja tulikwenda kumuuliza ustadhi wetu wa darsa ya wanawake kuhusu shukrani. Alitufungulia Suratu Sabaa, aya ya 10 mpaka ya 13. Nabii Daud amelainishiwa chuma, anaamrishwa atengeneze nguo za vita, na apime sawasawa katika kuziunga. Yaani Nabii alikuwa fundi wa mavazi, mavazi ya chuma! Tulitazamana. Na aya chache mbele watu wake wanaamrishwa watende kwa kushukuru. Hawakuambiwa waseme tu. Ustadhi akasema shukrani hapo ni kazi, inaonekana mkononi, na kipimo kilichonyooka ni sehemu yake. Kisha akatukumbusha lile agizo la Mtume (s.a.w.) kwamba mfanyakazi alipwe kabla jasho lake halijakauka. Hatukumwambia la msichana wetu. Pengine alilisoma usoni.

Tulikaa naye siku hiyo hiyo, baada ya Alasiri, mlango umefungwa nusu. Tukamuomba radhi. Hilo lilikuwa gumu kuliko pesa, kusema kweli, maana sisi ni wakubwa na yeye ana miaka kumi na tisa. Tukahesabu nguo alizoshona Ramadhani nzima, madira na mashungi, tukampa chake. Hakikuwa kidogo na kilituuma, tusijifanye malaika. Tangu hapo analipwa kwa kila nguo: elfu mbili dira, gauni la biharusi elfu kumi na tano kwa sehemu anayoshona yeye. Ufundi anaendelea kufundishwa, na hiyo hatumhesabii.

Na kwa sababu hatuwezi kumlipa yeye bila ya kulipwa sisi, tumebandika karatasi ukutani. Bei ya kila mshono. Kianzio nusu. Gauni halitoki dukani mpaka pesa imekamilika, hata kama harusi ni kesho na gari liko nje linapiga honi. Oda za Idi mwisho tarehe kumi na tano Ramadhani. Wateja wawili walikasirika wakahamia kwengine, mmoja ameshaturejea. Mama mmoja aliisoma ile karatasi yote kwa sauti, akasema, "Siku hizi mmekuwa na kiburi." Tukamwambia hapana mama, kaa upimwe.

Tunaomba kwenu maharusi mtarajiwa, kabla ya kuuliza bei ya ukumbi na keki na mpambaji, kaeni na fundi mapema, mumpe miezi, si siku. Mkipanga bajeti ya harusi, msikate kwa fundi na kwa mpishi na kwa yule binti anayewapaka hina mpaka usiku kwa sababu tu hao hawajui kusema hapana. Walipeni hao kwanza. Kisha mkiwaambia ahsante, itasikika.

Msichana wetu hajawa mtu mwengine, bado huchelewa asubuhi. Lakini anaimba akiwa kwenye ovaloki, na anaimba vibaya. Wiki iliyopita alituletea gauni tulilolikata sisi wenyewe, akaliweka mezani, akaweka na futi juu yake. "Dada, bega la kushoto limezidi nusu inchi. Hili hatulitoi hivi."

Tukapima. Kweli limezidi. Tukachukua wembe tukafumua.