Mlio Wafuata Nini?



Ziwa Kivu lipo mita 1,460 hivi juu ya bahari, na Ziwa Tanganika lipo mita 770 hivi tu. Basi mtu atokaye Bukavu kwenda Uvira kwa njia ya Nyangezi na Kamanyola hana budi kuushuka mteremko wa Ngomo. Kila aliyepita pale anaujua: upande mmoja ukuta wa mlima, upande wa pili bonde, na kona zafuatana moja baada ya nyingine. Breki ikikataa pale, hakuna mahali pa kukimbilia.

Lakini ni mara chache breki kukataa bila kusema neno. Kwa kawaida hulia kwanza, siku nyingi kabla. Dereva akiongeza sauti ya redio, na abiria wakiendelea na mazungumzo yao, kilio hicho hakimfikii mtu. Ndiyo maana juma hili twataka kuzungumza nanyi juu ya milio ya motokari.

Pengine mmoja wenu atasema: "Mambo haya si yangu. Sina motokari, wala sijui kuendesha." Ndugu, twakujibu: wewe wapanda, mkeo apanda akienda sokoni, watoto wako wapanda wakienda shuleni. Kusikia hakuhitaji kibali cha kuendesha. Tena mara nyingi abiria aketiye nyuma husikia mlio wa gurudumu la nyuma kabla ya dereva.

Watu wengi wakisikia mlio huuliza: "Ni mlio gani huu?" Swali hilo ni gumu, maana mmoja atauita mluzi, mwingine ataita kilio. Swali lililo bora ni hili: mlio wafuata nini? Wafuata injini, au magurudumu, au breki, au mashimo ya njia? Ukipata jibu la swali hilo, umekwisha kuondoa sehemu tatu katika nne za mashaka yako.

Kabla ya yote, nyamazisheni vitu vingine. Zimeni redio na feni. Toeni chupa tupu chini ya viti, funganeni jeki na spana zisichezecheze, kwa maana fundi wengi wametafuta ugonjwa mchana kutwa, kumbe ni chupa. Kisha fungueni madirisha, mwende polepole kando ya ukuta mrefu. Ukuta hurudisha sauti, na mlio wa upande ule utasikika wazi. Dereva na aangalie njia. Kusikiliza kwa makini ni kazi ya mwenzake.

Kwanza: milio inayofuata injini. Simamisheni motokari mahali tambarare, vuteni breki ya mkono, gia isiwe imeingia, kisha kanyageni mafuta kidogo. Mlio ukipanda na kushuka pamoja na injini, hali magurudumu yamesimama, basi tafuteni mbele, chini ya kifuniko cha injini. Mlio mwembamba wa kulia asubuhi ya baridi au ya mvua, unaokoma baada ya muda, mara nyingi ni mkanda uliolegea au uliochakaa. Mgongo mwepesi wa upesi-upesi, kama cherehani, huweza kuwa wa vali, au dalili kwamba mafuta ya kulainisha injini yamepungua. Zimeni, ngojeni kidogo, chomoeni kijiti cha kupimia mkatazame.

Lakini mgongo mzito wa chini, kama nyundo ndani ya pipa, unaozidi injini ikibeba mzigo, huo si wa kuchezea. Ukija pamoja na taa nyekundu ya mafuta, simameni mara moja mahali pa salama, mzime. Kilometa chache tu za ukaidi zaweza kuiua injini nzima. Tena mkisikia chuchu ya mvuke na kuona moshi mweupe mbele, msifungue kifuniko cha rejeta ingali moto. Maji yaliyomo yamebanwa, nayo yataruka na kuchoma uso na mikono.

Bomba la moshi nalo ni jamaa ya injini. Likitoboka, motokari hunguruma kama lori. Wengine hucheka, na vijana hupenda sauti ile. Sisi hatucheki. Katika moshi ule mna hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, iitwayo monoksidi ya kaboni, nayo hupenya kwa matundu ya sakafu hadi kwa abiria. Watoto wakilalamika kichwa au kichefuchefu safarini, nanyi mwasikia ngurumo chini, msiseme ni uchovu tu. Simameni, watoke nje wavute hewa safi, na bomba litengenezwe kabla ya safari nyingine.

Pili: milio inayofuata magurudumu. Hii huongezeka kwa mwendo wa gari, hata dereva akiacha kukanyaga mafuta. Mvumo unaokua kadiri mwendo unavyokua huweza kuwa wa mipira iliyolika vibaya, au wa beringi ya gurudumu. Kupambanua, sikilizeni katika kona pana. Gari likikata kushoto, uzito huegemea magurudumu ya kulia. Likikata kulia, huegemea ya kushoto. Basi mvumo ukizidi gari linapokata kushoto, shukuni beringi ya kulia. Mlio wa tak-tak-tak usukani ukikunjwa sana, katika gari linalovutwa na magurudumu ya mbele, kwa kawaida ni kiungo cha ekseli kilichochakaa. Pigo moja kwa kila mzunguko wa gurudumu laweza kuwa jiwe lililonasa katika mpira, au uvimbe wa mpira unaotaka kupasuka, shukeni mwangalie.

Neno moja zaidi hapa. Ikiwa gurudumu limebadilishwa jana, na leo mwasikia kugongagonga na usukani unatetemeka, msifike mbele. Kazeni nati. Hata zilizokazwa vema yafaa zikaguliwe tena baada ya kilometa 50 hadi 100.

Tatu: milio inayofuata breki. Mlio mdogo wa kukwaruza asubuhi baada ya mvua, unaokoma ukishika breki mara mbili tatu, ni kutu tu juu ya sahani ya chuma. Msiogope. Lakini mlio mkali wa kulia unaorudi kila siku una maana nyingine. Katika motokari nyingi, waliozitengeneza waliweka ulimi mdogo wa chuma kando ya plaketi, yaani vile vipande vinavyoibana sahani ya gurudumu. Plaketi zikilika hata kubaki milimeta 2 au 3, ulimi ule huigusa sahani na kulia. Uliwekwa makusudi, ili ulie. Ni mlinzi anayepiga filimbi.

Asiposikilizwa, sauti hubadilika. Kilio huwa mkwaruzo, chuma juu ya chuma. Hapo plaketi zimekwisha, na sahani yenyewe yaanza kuchimbwa. Aliyekataa kununua plaketi sasa atanunua plaketi pamoja na sahani. Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na ukuta huo ni wa fedha tu, ikiwa mkwaruzo umesikika katika nchi tambarare. Juu ya Ngomo bei yake ni nyingine.

Nne: milio inayofuata mashimo. Gari likiingia shimoni likalia "gu!", na katika lami likanyamaza, tazameni amortiseri, yaani vile vyuma vinavyotuliza mruko wa gari, pamoja na mipira yake na viungo vya usukani. Amortiseri iliyochoka huchosha abiria. Kiungo cha usukani kikiachana, gurudumu hulala upande, na dereva hana tena la kufanya. Kwa hiyo mgongo unaosikika pamoja na usukani uliolegea usingoje mwisho wa mwezi.

Mkimfikia fundi, msimwambie: "Badilisha kitu fulani." Mwambieni dalili. Mlio huja gari likiwa baridi au likiwa moto? Kwa mwendo gani? Wakati wa kupanda, wa kushuka, au wa kukata kona? Wazidi kwa injini au kwa magurudumu? Simu nyingi za leo hurekodi sauti. Abiria na aurekodi mlio, kwa maana mara nyingi hunyamaza mbele ya fundi, kama vile jino linavyoacha kuuma mlangoni mwa daktari.

Fundi mzuri naye atasikiliza kabla ya kufungua. Mwaka 1816, katika hospitali ya Necker kule Paris, mganga Mfaransa René Laennec alikunja karatasi kama bomba, akaweka ncha moja kifuani mwa mgonjwa na ya pili sikioni mwake, akausikia moyo waziwazi kuliko alipoweka sikio tupu. Ndiyo asili ya chombo ambacho waganga huvaa shingoni hata leo. Mafundi wengi hufanya vivyo hivyo: huweka ncha ya bisibisi ndefu juu ya chuma cha injini na mpini karibu na sikio, wakitafuta mlio unatoka wapi. Kazi hiyo mwachieni yeye, maana mkanda na feni vinavyozunguka vimekwisha kukata vidole vya watu. Wala mtu yeyote asiingie chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake.

Limebaki jambo gumu kuliko yote, nalo si la chuma. Abiria asikia mkwaruzo wa breki pale Nyangezi, atazama wenzake, aona wote wanyamaza, naye anyamaza. Ahofu kumwaibisha dereva, au kuambiwa: "Kama waogopa, shuka." Ndugu, semeni. Semeni kwa adabu: "Bwana dereva, tafadhali, gurudumu la nyuma lakwaruza ukishika breki. Tusimame tuangalie kabla ya kushuka." Mmoja akisema, wengine watamwunga mkono, kwa kuwa nao walisikia. Na dereva akikataa, kushuka na kungoja gari lingine si aibu. Nauli iliyopotea hupatikana tena.

Nanyi wanafunzi, andikeni katika daftari maneno manne: injini, magurudumu, breki, mashimo. Safari ijayo, sikilizeni, mweke kila mlio chini ya neno lake. Mkimaliza, mwonyesheni dereva daftari lenu gari lingali limesimama, kabla mteremko haujaanza.