Zege la Kujitibu Halitibu Wizi wa Saruji

Kila baada ya miezi michache kuna mtu hunitumia habari ile ile: wanasayansi wamebuni zege linalojitibu, ukuta ukipasuka unajiziba wenyewe, kwa hivyo shida ya majumba kuporomoka Kenya imekwisha. Safari hii nimechoka kujibu mmoja mmoja. Mimi si mhandisi wa majengo, kazi yangu ni kuandika programu, lakini ninajua kutofautisha kiraka na dawa.

Tuanze kwa haki. Teknolojia yenyewe ni ya kweli, tena nzuri sana. Henk Jonkers, mtaalamu wa viumbe vidogo katika Chuo Kikuu cha Delft, Uholanzi, alianza kuishughulikia 2006. Anachukua bakteria wa jamii ya Bacillus wanaostahimili ukali wa zege, anawaweka ndani wakiwa wamelala usingizi, pamoja na chakula chao, laktati ya kalsiamu. Zege likipasuka, maji yanapenya, bakteria wanaamka, wanakula, na wanachotoa ni jiwe la chokaa. Ufa unajaa. Mwaka 2015 Jonkers alifika fainali ya Tuzo ya Wavumbuzi wa Ulaya, na alistahili.

Hata Warumi walikuwa na yao. Mwaka 2023 Admir Masic wa MIT na wenzake walieleza kwamba madonge meupe ya chokaa yaliyomo katika zege la Kirumi si uzembe wa kuchanganya. Maji yakipita kwenye ufa huyeyusha chokaa ile, nayo huganda tena na kuuziba. Walipojaribu zege la aina hiyo maabarani, nyufa ziliziba katika wiki mbili hivi. Sampuli isiyo na chokaa hai haikuziba.

Sasa hebu tusome vizuri. Nyufa wanazozungumzia wataalamu hawa ni nyembamba, hazifiki milimita moja. Kwa zege la Jonkers ni kama milimita 0.8. Faida yake ni kuzuia maji na chumvi visifike kwenye vyuma, kwa sababu chuma kikishika kutu huvimba na kulipasua zege kutoka ndani. Hiyo ni kazi kubwa. Matangi ya maji, mahandaki, nguzo za gati kule Mombasa zinazopigwa na maji ya bahari mchana na usiku, mahali ambapo fundi hawezi kufika kila mwaka na mwiko wake: huko ndiko nyumbani kwa zege hili.

Lakini majumba yetu hayaporomoki kwa sababu ya nyufa za milimita 0.8. Tarehe 29 Aprili 2016 jengo la orofa sita lilianguka Huruma, Nairobi, mvua ikinyesha, na watu wapatao 50 wakafa. Maafisa walisema lilikuwa tayari limetajwa kuwa hatari. Yaani ufa ulikuwa umeonekana! Watu waliendelea kuishi mle na kodi ikaendelea kulipwa. Niambie, ni bakteria gani angeziba ufa huo?

Tunajua mambo yanavyokwenda kwenye mjengo. Mifuko ya saruji inashushwa mchana na mingine inaondoka usiku. Mchanganyiko unapungua saruji, unaongezwa maji ili koleo liwe jepesi. Vyuma vyembamba mahali pa vinene. Kibali cha orofa nne, jengo la orofa saba. Ukiweka bakteria wa Delft katika zege la namna hiyo, utapata zege bovu lenye bakteria.

Wenzangu wa kompyuta wataelewa haraka. Ukiwa na sava inayoanguka kila usiku, unaweza kuandika hati ya kuiwasha upya yenyewe. Wateja hawatajua. Lakini hitilafu iko pale pale, na sasa umeificha. Kitu kinachojitibu ni salama pale tu ambapo kilijengwa vizuri kwanza na kuna mtu anayesoma kumbukumbu zake. Bila hivyo, kiraka kinakuwa pazia.

Kuna wanaonijibu kwamba tuliruka simu za waya tukaenda moja kwa moja M-Pesa, kwa nini tusiruke ukaguzi wa majengo pia? Ndugu yangu, umeiangalia M-Pesa kinyume. Tangu 2007 watu wameiamini kwa sababu kila shilingi inayotoka inaacha ujumbe kwenye simu, kwa anayetuma na anayepokea. M-Pesa iliongeza ushahidi. Hicho ndicho cha kuiga.

Na ushahidi wa zege upo tangu zamani, tena ni rahisi. Siku ya kumwaga zege unajaza vibweta vya milimita 150 kila upande, unavitunza majini, unavivunja kwa mashine baada ya siku 7 na siku 28, unapata namba. Mimi ningeomba namba hizo ziwekwe wazi kwa kila ploti, ili mpangaji aandike namba ya ploti kwenye simu na kusoma kabla ya kulipa amana. Programu ya kufanya hivyo haihitaji mtu mwenye digrii ya kompyuta. Inahitaji matokeo ya kweli, na mtu wa kufunga jengo likifeli.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Waliambiwa watu maneno hayo, ukuta haukuambiwa. Leteni zege la kujitibu, nitalipigia makofi likitumika bandarini na kwenye matangi. Ila anayeniuzia hilo kama dawa ya Huruma, kwanza anionyeshe vipimo vya siku 28 vya jengo analolala yeye.