Kubaki Uvira si Usaliti: Tuache Hesabu ya Uongo

Ndugu wasomaji na wasikilizaji wa Uvira, wa Makobola, wa uwanda wa Ruzizi, na ninyi mlioko kambini ng'ambo ya mpaka Burundi, leo sileti habari ya mapigano. Nataka tuzungumzie neno linalotembea kwenye simu, kwenye vijiwe vya motari na hata kwenye mikutano ya kartie.

M23 waliingia Uvira mwezi wa kumi na mbili 2025, wakaondoka mwezi wa kwanza 2026. Tangu hapo tunasikia hoja hii: “Wote waliofanya kazi na M23 walibaki mjini. Wewe ulibaki mjini. Kwa hiyo wewe ulifanya kazi na M23.” Anayeisema anaitoa kama hesabu iliyokwisha. Hataki shahidi wala uchunguzi, na pale bariera, kijana mwenye silaha akishaiamini, mtu anaweza kufa.

Mimi nasema hoja hiyo ni mbovu. Sisemi hivyo kwa sababu ni kali au inaumiza watu. Ni mbovu kwa umbo lake, kama ngalawa iliyotoboka chini: upakie abiria gani, itazama tu.

Waliofika darasa la sita la sekondari wanakumbuka somo la filozofia. Mwalimu alitufundisha kitu kinachoitwa silojismu: kauli mbili, halafu hitimisho. Kanuni zake ziliandikwa na Aristotle wa Ugiriki zaidi ya miaka 2300 iliyopita. Wengi tulizikariri kwa ajili ya mtihani wa serikali, tukazisahau siku ileile. Leo tunazihitaji kuliko wakati wowote.

Njia nyepesi ya kuzikumbuka ni samaki. Chukua hoja yoyote, ondoa majina ya watu, weka majina ya samaki wetu. Umbo likiwa bovu utacheka mara moja.

Tujaribu hiyo ya kwanza. “Ndagala wote wanatoka ziwani. Mukeke wote wanatoka ziwani. Kwa hiyo mukeke ni ndagala.” Mama yeyote anayeuza samaki Kalundu atakufukuza mezani kwake. Kauli zote mbili ni za kweli, lakini hitimisho ni uongo. Kwa nini? Kwa sababu “kutoka ziwani” ni jambo wanaloshiriki samaki wengi tofauti. Haliwezi kuwafunga pamoja. Ndivyo ilivyo “kubaki mjini.” Alibaki mshirika wa M23, kama yupo. Alibaki pia mzee asiyeweza kutembea, mama aliyekuwa na mgonjwa kitandani, baba aliyekosa franka za kuvusha watoto sita. Jambo wanaloshiriki wote halimtambulishi mmoja wao.

Hoja ya pili inasemwa na watu wenye huruma kidogo, lakini imetoboka vilevile: “Wote waliokimbia waliwaogopa M23. Hawa hawakukimbia. Kwa hiyo hawa hawakuwaogopa.” Weka samaki: “Ndagala wote wanaishi majini. Mukeke si ndagala. Kwa hiyo mukeke haishi majini.” Mnaona? Kauli ya kwanza inatuambia habari za waliokimbia tu. Haisemi neno lolote juu ya aliyejifungia nyumbani Mulongwe na watoto wake, akitetemeka usiku kucha.

Na ninyi mliokimbia, msidhani hesabu hii inawaacha salama. Aliyeko upande wa pili anaigeuza: “Wapiganaji wa Wazalendo walikimbia. Wewe ulikimbia. Kwa hiyo wewe ni Mzalendo.” Ni umbo lilelile. Leo inamkamata jirani yako, kesho itakukamata wewe siku unaporudi kuona kama nyumba yako bado ina mabati.

Kuna hoja ya tatu, nayo ni ya hatari zaidi kwa sababu umbo lake ni zima. “Kila Mnyamulenge ni M23. Huyu ni Mnyamulenge. Kwa hiyo huyu ni M23.” Hapa hesabu imepangwa sawa. Kama kauli ya kwanza ingekuwa kweli, tungelazimika kukubali hitimisho. Lakini kauli ya kwanza ni uongo. Kuivunja “kila” hakuhitaji watu elfu, mtu mmoja anatosha. Jenerali Pacifique Masunzu ni Mnyamulenge. Mwaka 2002 alipigana na RCD na jeshi la Rwanda kule milimani Minembwe, na baadaye akawa jenerali wa FARDC. “Kila” imekufa hapo hapo.

Tuigeuze pia: je, kila kiongozi wa uasi ni Mtutsi? Corneille Nangaa, anayeongoza muungano wa AFC ambamo M23 wamo, anatoka Haut-Uele. Alikuwa mkuu wa tume ya uchaguzi ya nchi hii.

Septemba 2025 mji wetu ulisimama kwa sababu ya Jenerali Olivier Gasita kutumwa hapa, na watu walipoteza maisha. Raia ana haki ya kuuliza afisa alifanya nini, wapi, lini. Swali hilo ni halali, na linajibiwa kwa ushahidi. Lakini wengi hawakuuliza hivyo. Walisema kabila lake, wakafunga hesabu.

Najua jibu mtakalonipa: “Kaka, hii ni vita. Filozofia yako itatuua. Tukingoja ushahidi, adui ataingia.” Nalichukua jibu hilo kwa uzito, kwa sababu wanaolisema wamezika watu wao. Lakini litazameni vizuri. Anayemtafuta adui kwa sura na kabila anamwachia njia adui mwenye sura asiyoitazamia. Mpelelezi wa kweli atapita bariera akiongea lugha yenu, wakati ninyi mmeshughulika kumpiga mwalimu asiye na kosa. Shaka ni sababu ya kuuliza na kuchunguza. Haiwezi kuwa hukumu.

Tena hesabu hii tumeshaona inafika wapi. Usiku wa tarehe 13 mwezi wa nane 2004, kule Gatumba, karibu kabisa na mpaka wetu, wakimbizi zaidi ya 150 waliuawa, wengi wao Wanyamulenge. Mwezi wa sita 2014, Mutarule, watu wasiopungua 30 waliuawa usiku, wengi wao Wafuliiru. Kati ya waliokufa sehemu zote mbili walikuwemo watoto. Mtoto wa miaka mitatu alifanya kosa gani, kama si kosa la kuhesabiwa ndani ya “kila” ya mtu mwingine?

Ipo hoja moja nzima, yenye umbo sawa na kauli za kweli, na tuishike hiyo. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 17, inasema kosa la jinai ni la mtu binafsi, wala mtu hakamatwi kwa tendo la mwenzake. Basi hesabuni: hakuna mtu anayepaswa kukamatwa kwa kosa la mwingine. Jirani yako ni mtu. Kwa hiyo jirani yako hapaswi kukamatwa kwa kosa la mwingine. Wekeni samaki, pindueni mnavyotaka, haitoboki.

Kwetu sisi wa redio, msikilizaji akipiga simu na kusema “wale wote ni wasaliti,” tusimshukuru na kupokea simu nyingine. Tumuulize: wote, au baadhi? Nani alimwona, akifanya nini? Viongozi wa kartie waulize hivyo kwenye mikutano, wachungaji waulize hivyo kanisani, na wewe uliyepokea sauti ya WhatsApp uulize hivyo kabla ya kuituma kwa mwingine.

Aliyefanya kosa atajwe kwa jina lake na kwa tendo lake, apelekwe mbele ya sheria. Wengine waacheni walime, wavue, na warudi kwao.