Mfumo Uko Sawa, Mwangalieni Keshia

Leo sina habari za simu mpya wala programu ya kupakua bure. Kuna jambo linalonikera katika kazi yetu hii ya kutunga programu, na nitaanza na aibu yangu mwenyewe.

Mwaka wa 2010 mimi na mwenzangu tulipata kazi ya kuiandikia sacco moja ya wakulima mfumo wa kupokea pesa. Sitaitaja. Tulikuwa vijana wenye tarakilishi mbili za mtumba na chumba cha kukodi juu ya duka la mabati. Mfumo ulimalizika, ukafanya kazi, tukalipwa nusu. (Nusu ya pili ilichukua miezi saba, lakini hiyo ni hadithi ya kila mtunga programu Kenya.)

Mwaka uliofuata meneja akanipigia simu. "Kijana, pesa za sandukuni hazilingani na mfumo wako. Kila jioni kuna upungufu. Jana shilingi arobaini, leo thelathini na tatu." Nilimjibu hata kabla sijafungua tarakilishi: "Mzee, mfumo uko sawa. Mwangalieni keshia."

Wakamwangalia. Kwa miezi mitatu alikatwa mshahara kufidia upungufu huo, kama shilingi elfu moja kila mwezi. Mimi sikujua, na ukweli ni kwamba sikuuliza.

Siku moja nilienda huko kuwawekea printa. Yule dada akanisubiri meneja atoke, kisha akatoa daftari la shule kutoka kwenye mkoba wake. Alikuwa ameandika kila risiti kwa mkono, siku baada ya siku. "Kaka, hebu tazama. Upungufu wa kila siku ni sawasawa na idadi ya watu waliolipa ada." Ada ilikuwa shilingi 15 kwa kila anayechukua taarifa ya akaunti. Wakilipa watu 41, shilingi 41 hazipo. Wakilipa 28, ni 28. Sijawahi kuona ripoti ya hitilafu iliyo safi kuliko ile, na imetoka kwa mtu ambaye hajawahi kuandika mstari mmoja wa programu.

Kosa lilikuwa langu. Jumla ya pesa zote zilizopokelewa nilikuwa nimeihifadhi kwa aina ya nambari inayoitwa floti, ile ya biti 32. Nambari hii ina nafasi ya tarakimu chache tu za kuaminika. Ikifika 16,777,216 haiwezi tena kuhesabu moja moja, inaruka mbili mbili. Jaribu mwenyewe leo: mwambie tarakilishi aongeze 1 kwenye 16,777,216 kwa floti ya biti 32, atakujibu 16,777,216. Basi sacco ilipovuka shilingi milioni 16.7, kila ada ya 15 iliongeza 16 kwenye jumla. Wakulima waliweka akiba kwa mamia na maelfu, na hizo zilipita salama kwa kuwa zote ni shufwa. Mapato ya siku mfumo uliyapata kwa kutoa jumla ya asubuhi katika jumla ya jioni. Risiti zote zilikuwa sahihi. Ila meneja hakuwa akitazama risiti, alitazama jumla, nami ndiye niliyemwambia aiamini.

Kurekebisha kulinichukua chini ya saa moja: hesabu pesa kwa senti, kwa nambari kamili, basi. Kazi ngumu ilikuwa kusema. Mwenzangu alitaka tupeleke "toleo jipya" kimya kimya, kwani nusu ya sacco za eneo lile zilikuwa zinatuangalia. Tulikosana siku ile. Lakini nisijipambe: nilikaa wiki mbili na siri hiyo kabla ya kumwendea meneja. Nilipofika, yule dada alikuwa ameacha kazi. Pesa zake alitumiwa kwa M-Pesa. Barua ya kumsafisha jina niliiomba, sikuiona.

Nimekumbuka haya kwa sababu ya kesi ya posta ya Uingereza. Kuanzia 1999 hadi 2015, watu zaidi ya 900 waliosimamia vituo vidogo vya posta walitiwa hatiani kwa wizi na ulaghai, huku ushahidi ukitoka katika mfumo wa hesabu ulioitwa Horizon, wa kampuni ya Fujitsu. Wengine walifungwa, wengine walifilisika, wengine wakafa kabla ya kusafishwa. Desemba 2019 Mahakama Kuu ilisema wazi kwamba mfumo ulikuwa na hitilafu, na Mei 2024 bunge likapitisha sheria ya kufuta hukumu hizo kwa jumla. Miaka yote hiyo walikuwepo watunga programu waliojua kuwa hitilafu zipo. Ukubwa wa mambo ni tofauti mno na sacco yangu, lakini sentensi ni ileile.

Sasa tazama matangazo ya kazi zetu. Miaka mitano ya lugha hii, mitatu ya ile. Vijana wananiletea CV zenye majina ya zana kama orodha ya duka la jumla, na siku hizi wengine msimbo wanaandikiwa na akili bandia, wao wanaubandika tu. Sina ugomvi na zana. Lakini sijaona tangazo linalouliza: ni lini ulimwambia mteja kosa ni lako, na ulichukua muda gani? Mimi ndilo swali ninaloanza nalo. Anayesema hajawahi kukosea simwajiri, na nimewakosa wajuzi wengi kwa msimamo huo.

Kwenye mikataba yangu pia naweka kifungu: kabla ya kumkata mtumishi pesa kwa sababu ya mfumo wangu, niiteni nije tuhesabu risiti pamoja, bila malipo. Mteja mmoja alitaka kukifuta, akidai kinaonyesha sina imani na kazi yangu. Nilikataa, naye akaenda kwa mwingine.

Nyinyi mlio na mifumo ya pesa inayotumika sasa hivi, fungueni hifadhidata jioni hii mtazame safu ya jumla ni ya aina gani. Mkikuta floti, ulizeni keshia kama ana daftari.