Tusiyapake Rangi Maua ya Krismasi



Naomba nafasi kidogo katika kurasa hizi za Kiswahili niseme neno juu ya jambo ambalo wengine wataliona dogo, yaani maua tunayopambia makanisa na nyumba zetu wakati wa Siku Kuu. Vijana wengi sasa twapenda kuyapaka maua rangi isiyo yake. Mimi nasema desturi hiyo haifai. Wala sisemi hivyo kwa kuwa nimeisoma kitabuni, bali kwa kuwa niliifanya mwenyewe.

Kwetu ni Abuku, katika wilaya ya Koboko. Watu wa Arua na Koboko wajua jinsi Desemba ilivyo kwetu: mvua imekatika, nyasi zimekauka, moto wa nyika wawaka huku na huku, na vumbi la barabara limekaa juu ya kila kitu. Katika ukavu huo kuna mti mmoja ambao ndipo kwanza huvaa nguo nyekundu. Sisi huyaita maua ya Krismasi. Vitabuni huitwa poinsetia. Bibi yangu mzaa mama anao mmoja nyuma ya jiko lake. Kila mwaka, siku moja kabla ya Krismasi, hukata matawi, huchoma ncha zake kidogo kwenye makaa ili utomvu ule mweupe usitoke na majani yasinyauke upesi, kisha huyatia katika beseni na kuyachukua kichwani mpaka kanisani.

Mwaka 2023 sisi vijana tulipewa kazi ya kupamba kanisa. Mmoja wetu alikuwa na picha katika simu yake, picha ya poinsetia za Ulaya, za rangi ya buluu, zenye kumetameta. Tukazipenda mno. Tukachanga fedha, tukanunua mjini mikebe miwili ya rangi ya kupulizia, ile wanayotumia mafundi wa pikipiki. Jioni bibi alipoleta beseni lake tulimshukuru, naye akaenda zake. Usiku tukayapulizia matawi yote, mengine buluu, mengine rangi ya fedha, tukajiona mafundi kwelikweli.

Asubuhi majani yalikuwa yamejikunja kama karatasi iliyokaribia moto, na kanisa lilinuka kama gereji. Bibi akaingia, akakaa mahali pake pa siku zote, akatazama mbele. Baada ya ibada akaniuliza, "Mjukuu wangu, maua yangu mliyaweka wapi?" Nayo yalikuwa mbele ya macho yake! Nilipomwonyesha alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe. Basi mwakani nilete nini?" Hakukasirika. Heri angalikasirika.

Tangu siku ile nimelifikiri sana jambo hili, na haya ndiyo ninayoyaona.

Kwanza, tuliudharau mti tusioujua. Poinsetia kwao ni Meksiko. Jina lake latokana na Joel Poinsett, aliyekuwa mjumbe wa Marekani katika nchi hiyo tangu 1825 hadi 1829, ambaye alipeleka miche kwao. Kile tunachokiita ua si ua, bali ni majani yaliyogeuka kuwa mekundu. Maua yenyewe ni yale madogo ya manjano yaliyo katikati, ambayo wengi wetu hatujapata hata kuyatazama. Tena majani hayo hayageuki ila usiku unapokuwa mrefu. Ndiyo sababu baadhi ya wakulima wa Ulaya na Marekani hulifunika shamba lao kwa kitambaa cheusi kila jioni, mti upate giza la kutosha. Wenzetu hutaabika hivyo ili wapate wekundu ule ule ambao bibi yangu anaupata bure nyuma ya jiko. Nasi tukaufunika kwa rangi ya pikipiki!

Mtasema, mbona Wazungu wenyewe huyapaka? Kweli, huyapaka, lakini kwa rangi iliyotengenezwa kwa ajili ya mimea, nao wafanya biashara. Hali kadhalika mawaridi. Huko Naivasha, na kando ya Ziwa Victoria karibu na Entebbe, kuna mashamba makubwa ya mawaridi yanayopelekwa Ulaya kwa ndege. Lakini hakuna waridi linalochanua buluu kama anga. Ukiliona sokoni, jua kuwa ni waridi jeupe lililotiwa katika maji ya rangi likayanywa, au limechovywa. Mfanyabiashara auza kitu kigeni kwa anayetaka kitu kigeni, na mnunuzi ajua anachonunua. Simlaumu. Lakini kanisani hatukuwa tukiuza. Tulikuwa tumepewa.

Hili ndilo jambo la pili, nalo ni kubwa kuliko la kwanza. Ua la Siku Kuu ni zawadi. Thamani yake si rangi tu. Ni mkono uliolikata, na shingo iliyolichukua katika vumbi. Ukilipaka rangi nyingine, ni kama kumwambia aliyelileta, "Ulicholeta hakitoshi." Maskini hana kitu kingine cha kuleta. Ukimfunza kwamba chake hakitoshi, atakaa kwake. Mwaka 2024 beseni la bibi halikuja.

Wengine wataniuliza, je, wachukia rangi? La, sivyo. Mama zetu hutia rangi ukili wa vikapu, navyo vyapendeza. Minyororo ya karatasi wanayoikata watoto ni mizuri pia, maana karatasi haidai kuwa kitu kingine. Wengine watasema kwamba wakati wa kiangazi maua ni haba, kwa hiyo plastiki na rangi zatusaidia. Hoja hii ina maana. Lakini dawa ya uhaba ni kupanda. Poinsetia haitaki fedha: kata kijiti chenye urefu wa mkono tangu kiwiko, kiache utomvu ukauke, kipande mvua zinapoanza, nacho kitashika. Jihadhari tu utomvu usiingie machoni, na nawa mikono baadaye.

Krismasi ile ya 2024 nilipoona beseni halikuja, nilikwenda mwenyewe nyuma ya jiko nikaomba ruhusa ya kukata. Bibi alinitazama, akaniletea makaa katika kigae, akanifundisha kuchoma ncha za matawi. Nikalichukua beseni kichwani mimi, mwanafunzi wa kidato cha juu, na wasichana njiani wakacheka. Waache wacheke.

Basi natoa shauri. Mvua zijazo, kila mmoja wetu apande kijiti kimoja kando ya njia ya kanisa la shule, nanyi mliotutangulia pandeni makwenu. Wahenga walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Desemba ikifika tutaona kama tutahitaji mikebe.

Ni mimi ndugu yenu,
Mwanafunzi wa Kidato cha Sita