Jicho la Nani? Mwongozaji wa Filamu na Utamaduni wa Taifa

Mwaka 1861 Mwingereza John Hanning Speke, aliyekuwa akitafuta chanzo cha Mto Nile, aliingia Karagwe akapokewa kwa ukarimu na mtawala wake, Rumanyika. Katika nyumba ya mtawala walikuwako wanawake walionenepeshwa kwa maziwa, kama ilivyokuwa desturi ya watukufu wa wakati ule. Speke alimpima mmoja wao, shemeji wa Rumanyika, mkono, kifua na paja, kisha akavichapisha vipimo hivyo katika kitabu kilichotoka Uingereza mwaka 1863. Karagwe ilikuwa na mengi ya kusimuliwa. Wahunzi wake walikuwa wamefua sanamu za ng'ombe kwa chuma, nayo mashairi yake yaliimbwa kwa nanga. Lakini wasomaji wengi wa Ulaya waliijua nchi hii kwa unene wa mwanamke mmoja.

Sisi tuishio Nyaishozi, katika nchi hiyo hiyo ya Karagwe, tunaanza na kisa hiki ingawa makala yetu yanahusu filamu. Tunafanya hivyo kwa sababu swali ni lile lile: ni nani aliyeshika kipimo, na ni nani anayepimwa? Katika filamu mshika kipimo ni mwongozaji. Yeye ndiye anayeamua kamera isimame wapi, imtazame nani, imtazame kwa muda gani, na igeuke lini. Mwigizaji huonekana, mwongozaji haonekani. Lakini tunachokiona chote tunakiona kwa jicho lake. Tunadai kwamba taifa letu limewapuuza waongozaji wake, na kwamba kwa kuwapuuza hao limewaachia wengine kazi ya kututazama.

Wengine waliianza kazi hiyo mapema. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Waingereza waliendesha jaribio la kutengeneza filamu za kuwaelimisha Waafrika. Walitengeneza filamu thelathini na tano, wakazizungusha Tanganyika, Kenya, Uganda na nchi za kusini. Waafrika waliigiza na kubeba vyombo, lakini uamuzi juu ya nini kionyeshwe haukuwa wao. Katika miaka ya 1950 kampuni ya Afrika ya Kusini ilikuja kutengeneza filamu za Kiswahili, mojawapo ikiwa Muhogo Mchungu. Aliyeng'ara katika filamu hiyo alikuwa kijana Rashidi Mfaume Kawawa, ambaye mwaka 1962 alikuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika huru. Mtu aliyekuwa na uwezo wa kuongoza serikali aliongozwa na wageni mbele ya kamera! Haikuwa kwamba Mwafrika alikosa akili ya kushika kamera. Hakupewa.

Baada ya Uhuru tulikusudia kulirekebisha jambo hili. Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana iliundwa mwaka 1962. Shirika la Filamu Tanzania lilianzishwa mwaka 1968, na Taasisi ya Vyombo vya Kuonea na Kusikia mwaka 1974. Katika miaka hiyo ya matumaini ndipo alipojitokeza Martin Mhando, ambaye maisha yake ya kazi tunataka kila mwalimu ayafahamu. Mwaka 1985 aliongoza Yomba Yomba. Mwaka uliofuata, pamoja na Mnorwe Sigve Endresen, aliongoza Mama Tumaini. Hatimaye Mtanzania alikuwa amesimama nyuma ya kamera.

Lakini filamu hizo zingeonwa wapi? Zanzibar ilikuwa na televisheni, tena ya rangi, tangu miaka ya mwanzo ya 1970. Bara haikuwa nayo, kwa kuwa ilionekana kuwa ni anasa ya wachache wa mijini. Sababu hiyo ilikuwa na heshima yake, nasi hatuibezi: nchi iliyokuwa ikichimba visima na kufundisha wazee kusoma ilikuwa na haki ya kuchagua. Hata hivyo matokeo yake ni kwamba mwongozaji wa Bara alimaliza kazi yake pasipo kuwa na mlango wa kuipitishia hadi kwa wananchi. Majumba ya sinema yalikuwa ya mijini, nayo yalijaa filamu za Bombay na Hong Kong. Mkulima wa kahawa wa Nyaishozi alichangia kwa jasho lake taasisi zilizotengeneza filamu, lakini filamu zenyewe hazikumfikia.

Kisha ikaja kejeli ya historia. Mwaka 1994 televisheni za watu binafsi zilianza kurusha matangazo Bara, na mwaka 2000 ilizinduliwa Televisheni ya Taifa. Mlango ulifunguka wakati nyumba inabomoka, kwa maana katika miaka hiyo hiyo ya 1990 Shirika la Filamu lilikufa. Vituo vipya vilihitaji kujaza saa zao, vikazijaza kwa tamthilia za kununua nje. Mhando, mtu aliyestahili kuwafundisha vijana wa hapa kazi hiyo, alikuwa mwalimu wa filamu katika Chuo Kikuu cha Murdoch, mjini Perth, Australia.

Hata huko hakuisahau nchi. Pamoja na Mmarekani Ron Mulvihill aliongoza Maangamizi, filamu iliyotoka mwaka 2001 na kupelekwa kuiwakilisha Tanzania katika kugombea tuzo ya Oscar ya filamu za lugha za kigeni. Ilikuwa mara ya kwanza kwa nchi yetu kufanya hivyo. Baadaye, kwa miaka kadhaa, aliongoza Tamasha la Kimataifa la Filamu la Zanzibar. Katika Maangamizi, Amandina Lihamba, ambaye wasomaji wetu wanamjua kwa tamthilia zake, anaigiza Samehe, mwanamke aliyelazwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili na ambaye kwa miaka mingi hajatamka neno. Daktari wa Kiafrika kutoka Marekani anajaribu kumponya, hadi anapotambua kwamba elimu yake peke yake haitoshi, na kwamba kuna bibi wa kale, mzimu wa wahenga, anayetaka kusikilizwa. Filamu hiyo inamtazama mwanamke wa Kiafrika bila kumpima. Inamngoja aseme. Mwanafunzi wa Karagwe aliyesoma habari za Speke angeielewa tofauti hiyo mara moja, kama angeonyeshwa filamu yenyewe.

Wako watakaotupinga. Wa kwanza watasema: Mhando aliondoka kwa hiari yake, na aliyeondoka asililiwe. Hatukubaliani. Mvuvi akihama ziwa lililokauka, hatusemi kwamba amelikimbia ziwa. Tena hoja yetu si kwamba mtu mmoja amedhulumiwa. Hoja yetu ni kwamba taifa liliotesha mti, likaacha kuumwagilia maji, kisha likashangaa kuona matunda yake yanachumwa ng'ambo.

Wa pili watasema: filamu ni anasa, na shule zetu zina mahitaji makubwa zaidi. Tunawauliza: je, watoto hawatazami filamu? Nenda jioni kwenye banda lolote la video katika miji yetu midogo ya Karagwe na Kyerwa. Utawakuta wamebanana kwenye mabenchi, huku mtafsiri akiwafafanulia kwa Kiswahili maneno ya wapiganaji wa Hong Kong au wapenzi wa Bombay. Mwulize kijana wa kidato cha tatu akutajie waigizaji watano wa nchi za nje, atakutajia kumi. Mwulize jina la mwongozaji mmoja wa Tanzania. Chakula kinaliwa kila siku. Kinachobishaniwa ni nani akipike tu.

Wa tatu watasema: soko limekwisha kutatua tatizo, maana tangu Girlfriend ya mwaka 2003 filamu za video za Kiswahili zimekuwa nyingi, na wananchi wanazipenda. Ni kweli wanazipenda, nasi twazipongeza kwa kuwarudisha watu kwenye lugha yao. Steven Kanumba alipofariki mwaka 2012, umati mkubwa ulijitokeza Dar es Salaam kumzika. Lakini soko halina kumbukumbu. Soko huuza cha leo na kukitupa cha jana. Tangu Maangamizi, Tanzania ilikaa takriban miaka ishirini bila kupeleka filamu nyingine kwenye ugombeaji ule, hadi Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyoonyeshwa Toronto mwaka 2021.

Filamu hiyo ya Shivji inatupa mfano mwema. Imetokana na riwaya ya Adam Shafi, ambayo walimu wengi wa Kiswahili wameifundisha. Tunamtaka mwanafunzi aeleze wahusika, mandhari na dhamira ya riwaya. Kwa nini asiulizwe pia mwongozaji amekiacha nini cha riwaya, amekiongeza nini, na kwa nini? Maswali ni yale yale ya fasihi, wala hayahitaji mwalimu mpya. Na kwa sisi wa Kagera hayana hata ugeni. Mpiga nanga wa Kihaya na wa Kinyambo huimba shujaa na adui kwa koo moja, hujua lini aharakishe na lini anyamaze, na wasikilizaji wake hujua jina lake na humlinganisha na wenzake. Profesa Mulokozi alitumia miaka mingi kuichunguza sanaa hiyo. Wazee wetu hawakumsikiliza msimulizi bila kuuliza ni nani anayesimulia.

Kwa hiyo tunadai mambo matatu. Filamu zilizotengenezwa kwa fedha ya umma zitafutwe popote zilipo, zihifadhiwe, na nakala zake zifike shuleni, hata shule za vijijini. Filamu za Kitanzania zisomwe pamoja na riwaya na tamthilia katika somo la Kiswahili. Na majina ya waongozaji, kuanzia Mhando na wenzake wa miaka ya 1980, yafundishwe kama tunavyofundisha majina ya waandishi.

Wakati hayo yanangojwa, mwalimu asikae akingojea waraka. Wiki hii wanafunzi wake watakwenda tena kwenye banda la video. Kesho yake darasani awaulize swali moja tu: ile picha mliyoitazama jana, ni nani aliyewatazamisha?