Ndege ya elisi si ndege ya zamani

Jumanne iliyopita ndege ilitua kwenye pisti yetu wakati wa mapumziko, nasi tukakimbia kuitazama kama kawaida. Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tatu (jina lake naliacha) akasema kwa sauti: "Hii iko bado na elisi! Wenzetu wa Kinshasa wanapanda jeti, sisi tunaletewa vitu vya Wabeleji." Watu wakacheka. Hata mimi nilicheka, maana alisema vizuri. Lakini usiku, wakati wa kujisomea, yale maneno yalinirudia, na leo ninataka kumjibu, bila ubaya.

Kwanza, ile ndege si ya Wabeleji. Ni Cessna Caravan, na ya kwanza ya aina ile iliruka mwaka 1982, miaka 22 baada ya uhuru wetu. Tena ndani ya pua yake hamna motere ya pistoni kama ya lori. Mna turbini. Hapo ndipo wengi wetu tunakosea. Jeti na ndege hii ni ndugu wa tumbo moja: zote mbili zinavuta hewa, zinaikandamiza, zinaichoma pamoja na mafuta. Tofauti iko mwishoni. Jeti inatupa hewa nyuma kwa mbio kubwa. Turbopropu inatumia karibu nguvu yote kuzungusha elisi, na elisi inasukuma hewa nyingi zaidi, lakini polepole. Mwalimu wa fizika alituonyesha ubaoni kwamba kusukuma hewa nyingi kwa mwendo mdogo kunakula nguvu kidogo kuliko kusukuma hewa kidogo kwa mwendo mkubwa. Mwenye kusahau habari ya mwendo kwa mraba afungue daftari lake.

Kweli, kulikuwa na wakati ambapo dunia yenyewe ilifikiri kama yule mwenzetu. Katika miaka ya 1990 Wakanada na Wabrazili walileta jeti ndogo za watu 50 hivi, na abiria wa Marekani wakazipenda sana. Elisi ikaonekana ni aibu. Fokker wa Uholanzi walifilisika mwaka 1996, na Saab wa Sweden wakaacha kutengeneza ndege zao za elisi mwaka 1999. Kisha mafuta yakapanda. Mwezi wa 7 mwaka 2008 pipa moja lilipita dola 145, na wenye kampuni za ndege wakachukua kalamu na kuhesabu tena.

Nasi tuhesabu. Safari ni ya kilometa 300. ATR 72, inayotengenezwa Toulouse kule Ufaransa, inakwenda kama kilometa 500 kwa saa. Jeti inaweza kufika 800. Lakini kwa safari fupi hivi jeti haipati nafasi ya kuonyesha mbio zake: inapanda, inafika juu, na tayari ni wakati wa kushuka. Abiria anapata faida ya dakika 10 au 15, na hizo anazipoteza akingoja valizi yake. ATR wenyewe wanasema moshi wao ni pungufu kwa asilimia 45 kuliko wa jeti ya ukubwa ule ule. Sawa, muuzaji husifu mali yake, tupunguze kidogo. Hata tukipunguza, faida ni kubwa. Na Twin Otter je? Wakanada waliacha kuitengeneza mwaka 1988, kisha wakaanza tena, na mpya zikawafikia wanunuzi kuanzia mwaka 2010. Nani anafufua kitu kilichokufa kama hakuna anayekitaka?

Hata kwetu wakubwa wameelewa. Congo Airways, iliyoanza kuruka mwaka 2015, ilinunua Airbus za jeti, na pia Dash 8 za elisi. Air Tanzania nayo ina jeti na Dash 8 pamoja.

Sasa mtu ataniambia: ndege za elisi zinaanguka. Ndiyo, zinaanguka. Tarehe 6 mwezi wa 11 mwaka 2022 ATR 42 iliingia katika Ziwa Victoria karibu na Bukoba, watu 19 kati ya 43 wakafa, na wavuvi ndio waliotangulia kuokoa wengine. Lakini mwezi wa 4 mwaka 2008 huko Goma ilikuwa jeti, DC-9, iliyoshindwa kuruka ikapita mwisho wa pisti mpaka ndani ya nyumba za Birere. Pisti ile ilikuwa imefupishwa na moto wa Nyiragongo wa mwaka 2002. Basi tusiulize kama ndege ina elisi. Tuulize nani anaitunza, nani anairusha, na pisti iko namna gani.

Na pisti yetu iko namna gani? Airbus iliyojaa inaomba lami ya kilometa 2 hivi. Caravan inatosheka na majani, mita 700 au 800, ila majani yawe yamekatwa. Tusingoje kubwa zaidi ije kutuokoa: ATR walikuwa wakitayarisha ndege ya kutua kwenye mita 800, wakaiacha mwaka 2024. Kwetu ni hii ndogo au lori.

Mwaka jana, mwezi wa 5, ndege ilizunguka juu yetu mara mbili ikarudi Bunia. Majani yalifika magotini. Chini ya mwembe alikuwa amelala mama wa mmoja wetu, aliyekuwa akingoja kupelekwa kujifungua. Walimpeleka kwa pikipiki. Yeye alifika, Mungu asifiwe. Mtoto hakufika.

Jumamosi iliyotangulia ilikuwa siku ya salongo ya pisti. Kati ya wanafunzi 140 walikuja 31. Darasa la sita hawakuja hata mmoja, kwa sababu ya mtihani wa serikali, na ruhusa ile niliiomba mimi kwa Bwana Prefe. Karatasi yake ninayo mpaka leo.

Kwa hiyo yule mwenzangu wa mwaka wa tatu nimemwandika Jumamosi hii kundi moja na mimi, upande wa kichuguu, saa 12 asubuhi kabla ya jua kuwa kali. Darasa la sita tunaanza, hakuna ruhusa. Kupekupe za shule ni 18 tu, mwenye yake nyumbani aje nayo. Na mbuzi wa jirani wafungwe siku ya ndege. Wenyewe wamekwisha ambiwa.

Kapita wa wanafunzi, mwaka wa sita